Vyuma vilikaza kwa nini hasa? Tuongelee kizidishi cha matumizi ya serikali bila ushabiki wa vyama

Mchambuzi wa Kijiweni (mtoa uzi)

Wakuu salaam. Kila bajeti ikikaribia humu watu wanagawanyika makundi mawili, hawa wanasema serikali inatapanya hela, wale wanasema serikali imebana mpaka mtaani hakukaliki. Mimi nataka tuchimbe hapo katikati, hela ya serikali ikishatoka Hazina inaenda kufanya nini huko mtaani. Kuna kipindi Watanzania tulifundishwa hili somo laivu, 2016 na 2017, vyuma vilivyokaza, yaani hela ilipokuwa ngumu mtaani, wengi wenu mlikuwepo.

Turudi kidogo. Magufuli kaapishwa tarehe 5 Novemba 2015, wiki mbili baadae yuko bungeni Dodoma anataja safari za nje zimekula zaidi ya bilioni 356 ndani ya miaka miwili ya fedha. Safari zikafungwa, ukitaka kutoka uombe kibali. Sherehe za 9 Desemba zikafutwa, bilioni 4 zikapelekwa kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco. Semina na warsha za hotelini zikapigwa stopu, kaeni kwenye kumbi zenu. Nchi nzima ilishangilia na mimi nilikuwemo, hela ilikuwa inaliwa kweli bwana.

Sasa ifuatilie hela ya semina moja tu. Tuseme watumishi 60 wa mikoani wako hoteli fulani Dar, siku tano. Hoteli inalipwa vyumba, ukumbi, chai ya saa nne na sambusa. Hoteli nyingi hazipiki sambusa zote hizo, wanachukua kwa mama mmoja huko Sinza ambae anaamka saa tisa usiku, ngano kakopa duka la jirani atalipa jumamosi, nyama anasagiwa buchani, ana mabinti wawili wa kukunja na kukaanga anawalipa kwa siku. Jioni mshiriki wa semina ana posho mfukoni, anachukua bajaji, anakula mishkaki, kesho yake anapita Kariakoo anabeba madera ya wife na viatu vya watoto. Muuza madera analipa kodi ya fremu, mwenye fremu ana nyumba anaimalizia Chanika, fundi wa Chanika nae ana mama ntilie wake anaemdai ugali wa wiki nzima. Hela ni ile ile ya Hazina ila imeshakuwa kipato cha watu saba nane, na kila mmoja akiipata anatumia, na matumizi yake ndo kipato cha mwingine. Hicho ndo kizidishi. Mchumi wa Kiingereza Keynes alikifanya maarufu 1936 ila hesabu yake aliitangulia mwenzake Richard Kahn mwaka 1931, wakati Uingereza ajira zimekauka na watu wanabishana kama kazi za umma zina maana yoyote.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Serikali imetoa milioni moja. Aliyeipokea kodi inakula chake, VAT peke yake ni 18%, kingine anaweka benki au kibubu, kingine ananunua vitu vya nje, simu, petroli, mitumba. Tuseme kati ya hiyo milioni laki nne tu ndo anaitumia kwa vitu vinavyotengenezwa na Watanzania wenzake. Wa pili nae anatumia asilimia 40 ya hiyo laki nne, yaani 160,000, wa tatu 64,000, inaendelea kupungua mpaka inaisha. Ukijumlisha zote unapata kama 1,666,000. Kizidishi hapo ni 1.67. Kama kila mtu angetumia ndani laki sita kwenye kila milioni, jumla ingefika milioni mbili na nusu. Kwahiyo mchezo mzima uko kwenye kinachovuja kila raundi.

Na ukikata milioni moja hesabu inarudi nyuma vile vile, mtaa unapoteza 1,666,000, na anaeumia sana ni yule mama wa sambusa ambae hajawahi kusaini karatasi yoyote ya serikali.

Halafu kuna kitu watu huwa wanakiruka. Bajeti haikupungua! 2015/16 ilikuwa trilioni 22.5, 2016/17 ikapanda 29.5, na fungu la maendeleo likapangiwa asilimia 40 kutoka 26. Hela ilihama. Ilitoka kwenye posho, chakula na vyumba vya hoteli ikaenda kwenye ndege mbili za Bombardier zilizotua Septemba 2016, kisha reli, kisha Boeing. Ndege ukiilipia hela inakwenda Kanada au Marekani siku hiyo hiyo, raundi ya kwanza ishaisha, hapa anabaki rubani na muuza karanga wa nje ya uwanja. Ndo maana takwimu zilikuwa zinasoma uchumi unakua kama asilimia 7 na mtaani watu wanalia, na sioni kama kuna upande ulikuwa unadanganya.

Karibuni, matusi hapana.

Mpinzani Halisi

Mkuu umeandika vizuri ila umewapamba wezi. Yaani unataka tuendelee kulipa watu wakale sambusa hotelini ili mama wa Sinza auze? Na wale watumishi hewa, majina yanayolipwa mshahara bila mtu kazini, tungewaacha? Vyeti feki 9,932 wa 2017 nao tungewaacha kisa mishahara yao ilikuwa inazunguka? Kwa logiki yako hata fisadi ana mchango maana nae ananunua mishkaki.

Mchambuzi wa Kijiweni

Mpinzani Halisi hapo umenishika sehemu nzuri. Kizidishi kinapima hela inazunguka vipi, hakikwambii kama kilichonunuliwa kilikuwa na faida. Wapeleke vijana wakachimbe shimo na kulifukia, hela itazunguka, ila kesho huna shimo wala barabara. Hewa ilikuwa lazima aondoke, hilo sibishani nalo. Swali langu ni ile hela yake ulipoiokoa uliirudisha wapi. Ungeajiri walimu na manesi kwa mishahara ile ile mtaa usingeshtuka, muuza duka wa kijijini angeuza vile vile na wewe una mwalimu darasani. Lakini ajira zilisimamishwa, kupanda madaraja kulisimama, kila mwezi kuna maduka huko wilayani yanayotegemea tarehe ya mshahara yalikuwa yanapoteza wateja wawili watatu.

Fisadi nae mchunguze vizuri. Akipiga bilioni hawezi kula bilioni. Ananunua gari la nje, anapeleka mtoto shule ya nje, nyingine inalala kwenye akaunti ya nje. Mshiko wa chini unazunguka, wa juu unaondoka na ndege.

Bwana Riba

Ngoja niongezee upande wa benki maana nilikuwa nafanya kazi huko kipindi hicho. Watu mnaongelea semina tu mnasahau mwanzoni mwa 2016 taasisi za serikali ziliambiwa zihamishie fedha zao Benki Kuu. Kabla ya hapo mashirika ya umma yalikuwa yanaweka mabilioni kwenye benki za biashara, na sisi benki ndo tulikuwa tunakopesha humo humo. Zilipoondoka, kila meneja anatafuta amana kwa tochi.

Halafu ndo inakuja ile hesabu ya mtoa uzi, mwenye hoteli hana wageni hawezi kulipa rejesho, msambazaji wake nae hawezi, mikopo chechefu, ile isiyolipwa kwa wakati, ikapanda ikapita asilimia 10, sasa benki yenye mikopo chechefu na haina amana inafanyaje, inafunga bomba. Ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi ulikuwa karibu asilimia 25 Desemba 2015, Desemba 2016 ukawa kama 7, Desemba 2017 uko chini ya 2. Benki Kuu waliona, Machi 2017 wakashusha riba yao kutoka 16 mpaka 12, Agosti ikawa 9, na Aprili hiyo hiyo ya 2017 kiasi cha amana tunacholazimishwa kuweka kwao kikatoka asilimia 10 kuja 8. Mikopo haikushtuka haraka. Mtu asiye na wateja hata ukimpa riba nafuu anakopa akafanye nini?

Kwahiyo lile bao lilifungwa na watu wawili, matumizi yaliyohama na mikopo iliyokauka, na mmoja alikuwa anampasia mwenzake.

Nondo 16

Bwana Riba umeshusha vitu. Siti ya mbele hapa.

Tipa Bovu

Mtoa uzi unaiongelea SGR, hiyo reli ya kisasa, kama vile hela yote iliondoka, mimi nakukatalia. Tulikuwa site kipande cha Dar hadi Morogoro, nilikuwa na tipa ya kukodi, kifusi na kokoto mchana na usiku. Kokoto sio za Uturuki, ni za milima ya hapa hapa. Saruji ya hapa. Vibarua wa vijiji vinavyopitiwa na reli, kijana ambae hajawahi kushika laki mbili kwa mpigo anaishika kila mwezi. Jiwe la msingi limewekwa Pugu Aprili 2017, haukupita muda vyumba vya kupanga karibu na kambi bei juu, kila nyumba mlangoni kuna meza ya chapati na chai ya rangi, mama mmoja alianza na sufuria mbili alipoondoka mkandarasi ana nyumba ya bati jipya. Hiyo sio kizidishi?

Mchambuzi wa Kijiweni

Ni kizidishi tena kizuri mkuu, wala sijasema SGR ni sifuri, sifuri niliisema kwa ndege. Mkataba wa Dar Moro ulikuwa kama dola bilioni 1.2. Humo toa vyuma vya reli vilivyoshuka bandarini, toa mitambo, toa faida na mishahara ya wageni, toa umeme na mawasiliano yake, vichwa na mabehewa ndo usiseme, hayo ni manunuzi mengine kabisa na mengi yametoka Korea Kusini. Kinachobaki ndo hicho chako cha kifusi, kokoto, saruji na vibarua. Ni hela nyingi, ila kwa kila shilingi iliyotajwa kwenye habari iliyogusa mtaa ni sehemu yake tu, na iliugusa mtaa wa kando ya reli. Aliyekosa semina yuko Sinza, aliyepata kibarua yuko Ngerengere, hawa wawili hawajuani. Ndo maana wewe ulikuwa unaona neema na yule wa Sinza anaona vyuma.

Na reli ina akaunti ya pili ambayo semina haina. Treni imeanza kubeba abiria Dar Moro Juni 2024, mwezi uliofuata ikafika Dodoma, muda ule unaookolewa ni mali. Ila faida hiyo imekuja miaka saba baada ya Pugu, huwezi kumwambia mama wa sambusa wa 2017 asubiri.

Fundi Saiti

Hapo ndo naingia mimi. Mkitaka kuona hela ya serikali iliyotua mtaani muda huo huo angalieni madarasa ya UVIKO, 2021. Ule mkopo wa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, wa trilioni 1.3, madarasa 15,000, elfu 12 ya sekondari na elfu 3 ya shule shikizi (zile ndogo zinazoegemea shule mama), kila darasa milioni 20, na yaishe kabla ya wanafunzi kuripoti Januari 2022. Yalijengwa kwa fosi akaunti, yaani hakuna kampuni kubwa, kamati ya shule inanunua vifaa inatafuta fundi wa hapo hapo.

Nilipiga madarasa kwenye kata yetu. Milioni 20 inakwenda hivi: tofali tunafyatua wenyewe na vijana wa mtaa, mchanga wa mto jirani, mwenye pikipiki ya matairi matatu anabeba maji, mbao zinatoka Mafinga, saruji ya kiwandani kwetu. Bati ndo zina mkono wa nje maana hata zinazokunjwa hapa koili ya chuma imeagizwa. Fundi na wasaidizi tulikuwa tunalipwa kwa hatua, msingi, lenta, kupaua, ukilipwa msingi jioni hiyo kijiji kizima kinajua. Duka la vifaa pale senta lilikuwa na mifuko 30 ya saruji, wiki ya pili anashusha fuso nzima.

Ila sasa ngoma ikawa moja, nchi nzima inajenga kwa mpigo. Saruji bei juu, nondo bei juu, bati usiseme, mpaka viongozi wakaanza kuwakemea wenye viwanda. Mafundi wazuri nao tukaanza kugombaniwa, mtu ana saiti tatu, na mimi bei yangu nilipandisha, sitafuni maneno.

Mchambuzi wa Kijiweni

Fundi Saiti huo mfano wako nauweka juu kuliko wa kwangu. Hela imeanzia kwenye mikono ya watu wanaotumia karibu yote wanayopata, na wanaitumia kilomita tano kutoka walipolipwa. Hapo kizidishi lazima kiwe kikubwa kuliko cha ndege.

Na umegusa ukomo wake pia. Kizidishi kinafanya kazi kama kuna mikono iliyokaa bure na kiwanda kinachoweza kuongeza uzalishaji. Mafundi wote wakishakuwa na kazi, shilingi inayofuata haileti tofali jipya, inapandisha bei ya lile lile, na mwananchi anaejenga nyumba yake binafsi anasimamisha maana mfuko umepanda. Serikali imeongeza darasa, yeye kapunguza chumba.

Mwana wa Gikomba

Salamu kutoka Nairobi ndugu zangu. Uzi safi sana. Nyinyi mnakadiria, huku kwetu kuna watu walipima kabisa, kule Siaya. Si pesa ya serikali, ilikuwa ya shirika la GiveDirectly, lakini hesabu ni ile ile. Walipatia familia zaidi ya elfu kumi takriban dola elfu moja kila moja, bila masharti, halafu wachumi akina Edward Miguel wakazunguka vijijini wakipima mpaka kwa wale ambao hawakupata kitu. Wakapata kizidishi cha takriban 2.5. Familia za jirani ambazo hazikupewa hata shilingi, matumizi yao pia yaliongezeka, kwa sababu duka, posho mill (mashine ya kusaga unga) na fundi wa nguo walikuwa na kazi. Na bei zilipanda kidogo sana, kama asilimia 0.1 hivi.

Sababu ni kwamba kulikuwa na nafasi. Mwenye posho mill alikuwa amekaa nusu siku akingoja wateja, hakuhitaji kununua mashine mpya.

Sasa Kenya ukiuliza pesa ya serikali yenyewe nitakuambia shida mbili. Moja, serikali inakopa ndani kwa fujo. Februari 2024 bondi ya miundombinu ilitoka kwa asilimia 18.46, na haikatwi kodi. Niambie, kama benki inapata hiyo kwa serikali bila kusumbuana na mtu, itanikopesha mimi wa mitumba kwa ngapi? Barabara inajengwa lakini biashara yangu inakosa mkopo, hapo umeongeza huku umetoa kule. Ya pili, madeni ya wakandarasi na masaplaya. Kazi imefanywa, ankara imepelekwa, malipo hakuna. Kaunti na serikali kuu wote ni wale wale.

Mpinzani Halisi

Sasa mnaanza kuongea. Kwahiyo tukubaliane serikali ikope ili igawe hela vijijini? Nani atalipa huo mkopo? Wale 1.3 trilioni tunazilipa sisi.

Bwana Riba

Mpinzani, mkopo wa nje una tofauti kidogo na bondi ya ndani. Ule wa IMF uliingia na dola kutoka nje, haukugombania hela na mfanyabiashara wa hapa, na masharti yake nafuu. Ukikopa ndani kwa riba kubwa unafanya alichosema jamaa wa Gikomba. Kulipa tutalipa wote wawili, ila mmoja unakunyima mkopo wako leo.

Halafu kuna kile IMF wenyewe walikikuta Ulaya. Baada ya mgogoro wa 2008 walikuwa wanapiga mahesabu kwamba ukikata bajeti kwa shilingi moja uchumi utapungua senti 50 hivi. Oktoba 2012 Olivier Blanchard, aliyekuwa mchumi mkuu wao, na mwenzake Daniel Leigh wakaandika kwamba kipindi kile ilikuwa kati ya 0.9 na 1.7. Nchi kama Ugiriki zilibana zikazama kuliko ilivyotabiriwa. Ukibana wakati watu binafsi nao wamebana, hakuna wa kuliziba pengo. Sasa rudi uangalie Tanzania 2016, serikali inahamisha matumizi na benki zinafunga bomba mwaka huo huo.

Mchele Kilo Mia

Wakuu mimi ni mzabuni mdogo, nalisha shule moja ya bweni, mchele, maharage na mafuta. Sitaji mkoa. Nasoma hizi 1.67 na 2.5 nacheka peke yangu. Mimi nimepeleka mzigo mihula miwili, hati za kupokelea mzigo ninazo zimesainiwa na kugongwa muhuri, hela hakuna. Kwenye vitabu vyao nadhani inasomeka matumizi yamefanyika. Mimi mkulima wa mpunga ananidai, wa maharage ananidai, lori nimeuza. Hapo kizidishi changu ni ngapi?

Mchambuzi wa Kijiweni

Kaka yangu pole sana. Hapo hesabu imegeuzwa, wewe ndo unaikopesha serikali, tena bila riba, na hela ulizowakopesha ni za mkulima. Wanafunzi wamekula ndio, ila wewe umepunguza manunuzi, mkulima kapunguza mbolea, tingo wa lori hana kazi. Bajeti ikisomwa tunaangalia trilioni ngapi zimetengwa, mimi siku hizi naangalia zaidi fungu la kulipa madeni ya wazabuni na watumishi limepewa ngapi na kweli zimetoka ngapi. Kulipa deni la mzabuni hakuhitaji tenda mpya wala upembuzi yakinifu, hela inaingia mtaani wiki hiyo hiyo.

Mwana wa Gikomba

Huku wengi wamepigwa mnada na madalali wakiwa na ankara za serikali mfukoni. Pole ndugu.

Mchele Kilo Mia

Bwana Riba nisaidie, hizi hati naweza kuzipeleka benki wanikopeshe?

Bwana Riba

Baadhi ya benki wanakopesha kwa ankara, ila hawatakupa yote, wanakupa sehemu na wanakata riba kuanzia siku hiyo. Wataangalia vitu viwili, kwanza mlipaji athibitishe kwa maandishi kwamba anadaiwa na malipo yatapitia akaunti yako ya benki hiyo. Barua hiyo ndo ngumu kuipata, mhasibu anaogopa kusaini. Pili wataangalia mlipaji huyo huwa anachukua muda gani kulipa wengine, akiwa na sifa mbaya watakukataa hata kama hati zote zina muhuri. Anza na barua kabla hujaenda kwa afisa mikopo, na usikubali riba ya mwezi kwa mwezi kama hujui utalipwa lini, itakula faida yote ya mchele. Nitumie PM nikuelekeze namna ya kuiandika.

Mchele Kilo Mia

Nimekutumia.